Mekanika ya takwimu na damu ya mdogo wangu: je, hesabu za gesi zinafika huko?

*"Shikamoo mwalimu. Nilimaliza shahada ya kwanza ya fizikia mwaka jana, naishi Kimara na kwa sasa nafundisha tuisheni huku nikijiandaa kuomba uzamili. Mdogo wangu wa mwisho ana selimundu, na tangu nikiwa chuo najiuliza kama fizikia niliyosoma ina lolote la kusema kuhusu ugonjwa wake. Somo nililolipenda kuliko yote ni mekanika ya takwimu, ila tulichofanya ni gesi kamilifu tu, kukokotoa na kufanya mtihani. Rafiki yangu anayesoma udaktari anasema hesabu hizo haziwezi kugusa kitu chenye uhai, kwa kuwa entropi ni vurugu na mwili ni mpangilio. Mwingine ananiambia bila kompyuta kubwa za Ulaya nisijisumbue, nisome uchambuzi wa data nipate kazi. Nina laptopu ya gigabaiti 8. Je, kweli mekanika ya takwimu inaweza kuchunguza vitu kama himoglobini, tando za seli na chembe za nano? Na mtu wa hali yangu aanzie wapi?"*

Marahaba, na hongera kwa kuhitimu. Swali lako lina mambo mawili yaliyoshikana: kama chombo chenyewe kinafaa kwa kazi unayoitaka, na kama wewe, na laptopu yako hiyo, unaweza kukishika. La kwanza nakujibu ndiyo, bila kusita. La pili ni ndiyo yenye masharti, na tutayafikia.

Mekanika ya takwimu ni kueleza tabia ya kitu kizima kwa kuhesabu uwezekano wa hali za molekuli zake nyingi. Tuanze na hiyo gesi. Gesi kamilifu hufundishwa mwanzo kwa sababu hesabu yake inakwisha ndani ya kipindi kimoja. Molekuli hazivutani wala hazizuiani, kwa hiyo unajumlisha na kwenda nyumbani. Mwanafunzi anatoka pale akiamini kwamba somo zima ndilo hilo. Lakini kanuni aliyotuachia Ludwig Boltzmann, na ambayo Josiah Willard Gibbs aliipanua, haidai kitu chako kiwe gesi. Inasema kwamba kitu chochote kilichotulia kwenye joto fulani hutangatanga kati ya hali zake zinazowezekana, na kadiri hali fulani inavyohitaji nishati nyingi, ndivyo uwezekano wa kukikuta humo unavyoshuka, tena kwa kasi ya kieksponenti. Kinachoamua "nyingi" ni kiasi gani ni kT, yaani namba ya Boltzmann (k) mara joto kwa kelvini (T).

Ikokotoe mwenyewe. Namba ya Boltzmann ni 1.380649 × 10⁻²³ jouli kwa kelvini. Weka joto la mchana wa Dar, sentigredi 30, yaani kelvini 303, upate kT ya karibu 4.2 × 10⁻²¹ jouli. Kwa meza au kikombe, kiasi hicho ni sawa na hakuna. Kwenye nanomita, sehemu ya bilioni ya mita, ndicho kinachotawala. Kiungo cha haidrojeni kati ya molekuli mbili za maji kina thamani ya kT chache. Molekuli moja ya ATP, inayobeba nishati ya seli, ikivunjwa ndani ya seli hutoa kama kT 20, na ugumu wa kukunjika wa utando wa seli, ambao unene wake ni nanomita 4 hadi 5 tu, nao uko kwenye kT 20 hivi. Uzi wa DNA hubaki umenyooka kwa kama nanomita 50, kisha mtikisiko wa joto unaugeuza uelekeo. Yaani vitu vya uhai vimejengwa kwa nguvu zinazozidi mtikisiko wa joto kidogo tu: vinashikamana, lakini bado vinaweza kufunguka, kujikunja na kubadilisha umbo. Chuma hakifanyi hivyo, na gesi haifanyi hivyo.

Kuna jambo jingine ambalo gesi ya darasani inalificha. Kwa mkusanyiko wa vitu N, mtawanyiko kuzunguka wastani ni kama 1/√N. Kwenye mtungi wenye molekuli 10²² hutauona maisha yako yote. Kwa chembe yenye vipande 100 ni asilimia 10, na hapo wastani peke yake unakudanganya. Ndiyo maana nasema somo ulilolipenda lina kazi kubwa zaidi kwenye seli kuliko kwenye mtungi.

Sasa rafiki yako wa udaktari. Anauliza jambo la maana, ila amepewa tafsiri finyu. Entropi ni hesabu ya njia. S = k log W, kama ilivyochongwa kwenye kaburi la Boltzmann kule Vienna, na W ni idadi ya namna ambazo mfumo unaweza kujipanga bila wewe kuona tofauti kwa nje. Mara nyingi njia nyingi huonekana kama vurugu. Si kila mara. Mwaka 1949 Lars Onsager alionyesha kwamba vijiti virefu vyembamba visivyovutana hata kidogo, vikisongamana vya kutosha, vinajipanga vyenyewe kuelekea upande mmoja. Jaza vijiti vya mishikaki kwenye beseni na ulitikise: vikikaa hovyo vinazuiana, vikilala sambamba kila kimoja kinapata pa kuteleza. Kila kijiti kimepoteza uhuru wa kugeuka na kupata uhuru mkubwa zaidi wa kusogea, kwa hiyo jumla ya njia imeongezeka. Mpangilio huo umeletwa na entropi yenyewe.

Utando wa seli una habari inayofanana na hiyo. Molekuli ya lipidi ina mkia wa mafuta, na maji yanayouzunguka mkia huo hubanwa, hayapati namna nyingi za kushikana yenyewe kwa yenyewe. Mikia ikijificha pamoja, maji yanaachiliwa. Ukihesabu lipidi peke yake utaona mpangilio umezuka na ukadhani sheria ya pili ya thamodinamiki, ile inayosema entropi ya jumla haipungui, imevunjwa. Hesabu na maji, hakuna kilichovunjwa. Mwambie rafiki yako ahesabu pande zote, mwili pamoja na kila kinachouzunguka, pamoja na joto ambalo mwili wenyewe unalitoa kila sekunde.

Nije kwenye damu, ambayo ndiyo iliyokufanya uandike. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na selimundu. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kama 11,000 kwa mwaka. Mwaka 1949, mwaka uleule wa vijiti vya Onsager, Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba tatizo liko kwenye molekuli ya himoglobini yenyewe. Baadaye ikajulikana ni wapi: kwenye kila mnyororo wa beta, nafasi ya sita, asidi ya glutamiki imebadilishwa na valini, zote mbili zikiwa asidi amino, yaani matofali ya protini. Molekuli nzima ina asidi amino 574 na minyororo miwili ya beta. Zilizobadilika ni mbili. Inawezekanaje mbili kati ya 574 zikamlaza mtoto kitandani?

Valini ina tabia ya mafuta. Himoglobini S, ndiyo hii iliyobadilika, ikiachia oksijeni hubadili umbo kidogo, na valini ya molekuli moja inapata kishimo cha kujiegesha kwenye molekuli jirani. Mguso mmoja kama huo ni dhaifu. Molekuli ikijiunga na nyingine inapoteza uhuru wake wa kuzunguka na kusogea, na hasara hiyo ya entropi mwanzoni ni kubwa kuliko faida ya mguso. Kwa hiyo vikundi vya molekuli mbili au tatu huundika na kuvunjika, huundika na kuvunjika. Lakini kikundi kikibahatika kufikia ukubwa fulani, kila molekuli inayoongezeka inakuta miguso ya kutosha kufidia hasara, na kuanzia hapo kinakua bila kizuizi. Unazuka uzi mnene wa kama nanomita 21 wenye nyuzi ndogo 14 ndani yake. Uzi huo nao unakuwa mahali pa nyuzi nyingine kuanzia, jambo ambalo Frank Ferrone, James Hofrichter na William Eaton walilieleza kwa hesabu mwaka 1985. Seli nyekundu inakakamaa na kuchukua umbo la mundu.

Sasa angalia msongamano. Himoglobini ndani ya seli nyekundu ni kama gramu 33 kwa kila mililita 100, na molekuli hizo zinachukua karibu robo ya ujazo wa seli. Katika msongamano huo, molekuli zilizojipanga kwenye uzi zinawaachia nafasi zile zilizobaki huru, na entropi ya msongamano inasukuma kuelekea uzi. Ni hesabu ya aina ileile ya Onsager, ndani ya chembe yenye upana wa maikromita 8.

Matokeo yake yalipimwa mwaka 1974 na Hofrichter, Philip Ross na Eaton. Himoglobini S ikikosa oksijeni haigandi papo hapo. Kuna muda wa kusubiri ambao hakuna kinachoonekana, halafu ghafla nyuzi zinajaa. Muda huo unategemea ukolezi kwa kipeo cha karibu 30. Soma tena namba hiyo. Nasema karibu, maana kipeo chenyewe hubadilika kulingana na hali, lakini chukua 30 ukokotoe. Punguza ukolezi kwa asilimia 10: 0.9 kwa kipeo cha 30 ni 0.042, kwa hiyo muda wa kusubiri unaongezeka karibu mara 24. Ukipunguza kwa asilimia 5 tu, unaongezeka zaidi ya mara 4. Seli nyekundu hupita kwenye kapilari kwa muda wa sekunde moja hivi, kisha inarudi kwenye mapafu kuchukua oksijeni, na oksijeni inaziyeyusha nyuzi. Ikiwa muda wa kusubiri ni mrefu kuliko safari hiyo, seli inapita salama ingawa imebeba himoglobini mbovu ileile.

Hapo ndipo haidroksiyurea, dawa ya selimundu, inapoeleweka. Haiondoi jeni la S. Inaongeza himoglobini F, ile ya kichanga, ambayo haikubali kuingia kwenye uzi, na seli yenyewe inakuwa kubwa zaidi. Kwa macho ya fizikia, himoglobini S imepunguzwa ukolezi kidogo, na kipeo cha 30 kinafanya yaliyobaki. Mimi sijui mfano mwingine unaoonyesha vizuri hivi kwa nini mwanafizikia wa takwimu anahitajika karibu na wodi.

Tahadhari moja hapa, kwa kuwa utaisoma mahali na unaweza kuielewa vibaya. Kwenye maabara, nyuzi za himoglobini S iliyokosa oksijeni huyeyuka zikipozwa hadi karibu na sentigredi 0, kwa sababu msukumo wa maji na mafuta niliokueleza hupungua kwenye baridi. Usihamishe jambo hilo kwa mdogo wako. Mwilini baridi huibana mishipa, damu inapita polepole, seli zinakaa muda mrefu bila oksijeni, na maumivu yanachochewa. Hesabu ya chupa ya maabara ni sahihi, mwili ni mfumo mwingine.

Na huo ndio mpaka wa chombo hiki, ambao lazima uujue kabla ya kuandika ombi lolote. Sheria za usawa wa joto zinakuambia himoglobini kiasi gani itabaki imeyeyuka. Hazikuambii peke yake itachukua muda gani, wala seli fulani itakwama wapi. Ndani ya mwili hakuna kilichotulia: damu inakimbia, oksijeni inapanda na kushuka, ATP inaunguzwa. Kuna hatua kubwa zimepigwa kwa mifumo isiyo katika usawa; mwaka 1997 Christopher Jarzynski alionyesha namna ya kupata tofauti ya nishati huru, yaani nishati inayoweza kufanya kazi, kutokana na kazi iliyofanywa kwa haraka, nje ya usawa, na kanuni hiyo ikathibitishwa kwa kuvuta molekuli moja ya RNA. Hata hivyo selimundu ina uvimbe, ina seli zinazonata kwenye kuta za mishipa, ina maambukizi. Atakayekuambia modeli yake imeeleza ugonjwa wote, mkimbie.

Umeuliza pia chembe za nano, nitapita haraka. Chembe za lipidi zilizobeba mRNA (maelekezo ya kutengeneza protini) kwenye chanjo za Uviko-19 zina kipenyo cha kama nanomita 100, na siri yao moja unaweza kuikokotoa kwenye karatasi ya daftari. Zina lipidi ambayo ama imeshika protoni au haijashika, hali mbili tu. Kwa lipidi yenye pKa ya 6.4, yaani pH ambayo nusu yake imeshika protoni, kwenye damu yenye pH 7.4 ni asilimia 9 tu zenye chaji. Chembe ikimezwa na seli na kufika kwenye kifuko chenye asidi ya pH 5.4, asilimia 91 zinapata chaji, zinaung'ang'ania utando wa kifuko, na mzigo unatoka. Kikokotoo cha simu kinatosha.

Turudi kwa huyu anayekutisha na kompyuta kubwa. Ana haki kwa njia moja tu, ile ya kuiga kila atomu. Programu za kuiga mwendo wa molekuli kama GROMACS na LAMMPS ni za bure na zitafunguka kwenye laptopu yako, lakini kila hatua ya uigaji ni kama femtosekunde 2. Sekunde moja ya maisha ya himoglobini ni hatua trilioni 500, ilhali laptopu ya kawaida itakupa nanosekunde chache kwa siku kwa mfumo wa ukubwa huo. Na hata kompyuta kubwa kabisa haikupi kuzaliwa kwa uzi mzima atomu kwa atomu. Ukiingia huko kwanza utachoma umeme, utapata picha nzuri za kuonyesha watu, na hutakuwa na jibu. Ninawaona vijana wengi wazuri wakipotelea hapo, inaniuma.

Ningekuwa wewe ningepanda taratibu. Andika mwenyewe kwa Python modeli ya Ising ya vipimo viwili, yaani mishale inayotazama juu au chini na kuathiriwa na majirani zake, gridi ya 50 kwa 50, kwa mbinu ya Monte Carlo, ile ya kujaribu hali kwa namba za bahati nasibu. Jibu kamili linajulikana, mabadiliko yanatokea kT ikifika mara 2.27 ya nguvu ya mguso kati ya majirani, kwa hiyo utajua kama programu yako inasema kweli. Kisha badilisha mishale iwe molekuli zenye kibandiko upande mmoja, uone vikundi vinavyozaliwa na kufa. Kisha chukua milinganyo ya kuzaliwa na kukua kwa nyuzi, ambayo laptopu yako itaikokotoa kwa sekunde, uulize swali lako mwenyewe: himoglobini F ikigawanyika bila usawa kati ya seli na seli, ni seli ngapi zinabaki hatarini? Swali hilo linatosha tasnifu ya uzamili, na halihitaji Ulaya. Habari ya kazi pia usiiogope. Monte Carlo, usambazaji wa uwezekano na kuchunguza mtawanyiko ndivyo wachambuzi wa data wanavyoishi navyo. Tuzo ya Nobel ya fizikia ya 2024 ilikwenda kwa John Hopfield na Geoffrey Hinton, ambao mitandao yao ya kujifunza ilijengwa juu ya mekanika ya takwimu.

Na fanya jaribio moja kwa mkono kabla ya yote. Omba hadubini ya shule unakofundisha. Tone la maziwa ya ng'ombe ndani ya glasi ya maji, tone moja la mchanganyiko huo kwenye kioo, funika, ziba kingo kwa mafuta ya kujipaka ili maji yasikauke wala kutiririka. Kwa lenzi ya 40 utaona vitone vya mafuta vikicheza bila kukoma. Weka simu kwenye jicho la hadubini, rekodi, chagua kitone chenye upana wa kama maikromita 1, ufuate nafasi yake fremu kwa fremu. Kwenye maji ya sentigredi 30 kinapaswa kusogea takribani maikromita 1 kwa sekunde kwenye kila mhimili, na kwa sekunde 100 kiwe kimesogea kama 10, si 100. Kutokana na hapo unaipata k ya Boltzmann kwa njia ya Einstein ya 1905, ile iliyompa Jean Perrin Nobel ya 1926 kwa kuthibitisha kwamba maada imejengwa kwa molekuli. Makosa yako yatakuwa makubwa kwa kuwa vitone havilingani ukubwa. Yaandike yote.

Kuna mahali maandishi haya hayawezi kukufikisha. Kuchagua mada na msimamizi ni jambo la ana kwa ana. Panda mwendokasi ushuke Ubungo, uende Mlimani kwenye idara ya fizikia ukiwa na kurasa mbili: swali lako, ulichokokotoa, ulichoshindwa. Kisha uulize nani Muhimbili anafanya utafiti wa selimundu, maana mada hii bila mtu wa damu itakuwa mchezo wa hesabu tu. Taasisi ya Nelson Mandela kule Arusha ina watu wa sayansi ya vifaa, na kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia, ICTP, cha Trieste, Italia, kina diploma ya mwaka mmoja kwa vijana wa nchi zinazoendelea, ikiwemo ya sayansi za uhai kwa njia ya hesabu. Angalia tarehe zao za maombi mapema. Usichukue damu ya mdogo wako kwa ajili ya majaribio, hata tone. Utafiti wa damu ya binadamu unahitaji kibali cha maadili, na hilo ni jukumu la msimamizi wako kukuongoza.

Kuhusu mdogo wako mwenyewe, usibadilishe dozi wala kusimamisha dawa kwa sababu ya hesabu yoyote niliyoandika hapa. Kama hajawahi kuzungumziwa haidroksiyurea, muulize daktari wake kliniki. Akipata homa, maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, tumbo kuvimba ghafla upande wa kushoto, kulegea upande mmoja wa mwili au kushindwa kuongea, mpeleke hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.